Jiwe Aliloletewa Paska

Mwalimu Étienne alikufa zamani, huko kwao Butembo. Mke wangu Paska amekufa mwaka huu, mvua zilipoanza. Mimi Amandu nimebaki. Wao wako upande mmoja, mimi niko upande huu. Hilo silipendi.

Watu wa kanisani wameniomba nieleze habari za mwalimu huyo, kwa kuwa waliosoma kwake wametawanyika na wengi hawapo tena. Paska angeeleza vizuri kuliko mimi. Yeye alimjua. Mimi nilikuwa nikimtazama tu. Shule sikwenda, herufi nilijifunza kwenye magunia ya kahawa pale forodha ya Vurra, mpakani na Kongo, nilipokuwa kuli. Basi nitaeleza nilivyoona.

Alikuja Arua mwaka wa sabini na tatu. Katika shule moja ya njia ya Vurra, mwalimu wa sayansi alikuwa Mhindi, na Wahindi walikuwa wameshafukuzwa nchini mwaka uliotangulia. Chumba cha sayansi kilifungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo hakujulikana. Ndipo Étienne akavuka mpaka na baiskeli yake, mkoba mgongoni, akiulizia kazi. Mkuu wa shule alimwambia kazi ipo ila chumba hakuna. Yeye akajibu kwa Kiswahili chake cha Kongo:

"Chumba ya nini? Inje iko kubwa."

Maneno hayo Paska aliniletea nyumbani siku ileile, akicheka. Alikuwa mpishi wa shule. Mimi nilikuwa nimetoka kubeba magunia tangu asubuhi, na sikuona cha kuchekesha.

Alikuwa mtu mfupi mwenye kichwa kikubwa. Suruali aliikunja mguu mmoja kwa ajili ya mnyororo wa baiskeli, hata siku aliyokuja kwa miguu. Mke hakuwa naye. Nikasema, mwanaume wa umri ule, mwenye kazi, kwa nini hana mke?

"Labda hajapata," Paska akasema.

Nilimtazama. Alikuwa anapepeta ulezi. Hakuinua macho.

Masomo yake aliyafanyia uwanjani, na jiko la shule halikuwa na ukuta wa mbele. Lilitazama uwanja. Kila alichofanya, Paska alikiona. Alitoboa debe matundu matatu, moja juu, moja katikati, moja chini, akalijaza maji, akawaambia wanafunzi waseme ni tundu gani litarusha mbali. Walibishana hadi karibu wapigane. Alifungua gurudumu la baiskeli, akalizungusha kwa nguvu, akampa mwanafunzi alishike kwa ekseli na kumwambia aliinamishe. Gurudumu likakataa kama mbuzi anayekataa kamba. Kijana akapepesuka, wenzake wakashangilia. Alifunga kamba na vigurudumu vya kuinulia mizigo kwenye mti na kumfanya msichana mmoja mwembamba avute mfuko wa saruji mpaka juu. Wanafunzi walimpenda kupita kiasi. Siku alizougua walikuwa wakikaa uwanjani wenyewe, wakimngoja.

Hayo yote yaliingia nyumbani kwangu.

"Mwalimu anasema maji ya chini yanabeba uzito wa maji ya juu, ndiyo maana yanaruka mbali."

"Haya."

"Mwalimu anasema sufuria ikifunikwa na kukandamizwa, mvuke unabaki ndani, maharage yanaiva upesi."

"Yeye ndiye anayepika?"

"Hapana."

"Basi aache sufuria."

Lakini Paska aliweka kifuniko, na juu ya kifuniko akaweka jiwe. Maharage yaliiva upesi. Niliyala nimekasirika.

Na jambo lingine. Mimi mke wangu nilimwita Mama Candia, kwa mtoto wetu wa kwanza, na yeye aliniita Baba Candia. Watu wote walimwita hivyo. Étienne alimwita Paska. Akikumbuka adabu, Mama Paska; akisahau, Paska tupu. Jina hilo hadharani nililisikia kwa mama yake na kwa padri tu. Nilimwambia mke wangu amrekebishe. Akasema, "Kwao ndivyo wanavyoita." Sijui kama alimrekebisha. Jina halikubadilika.

Kisha zikaanza safari za mawe. Kwanza zilikuwa za karibu, kando ya vijito vya Aroi, wanafunzi wakirudi na mawe mifukoni mpaka suruali zinashuka. Halafu akataka kuwapeleka Koboko, kwenye miamba ya chini ya mlima Liru. Hamuza, mfanyabiashara wa mjini ambaye binti yake alisoma pale, akajitolea lori. Wangelala huko. Mpishi alihitajika.

Nilikwenda kwa Hamuza.

"Bwana Hamuza, katika lori lako unahitaji mtu wa kupakia."

"Kupakia nini? Iko masufuria tu."

"Masufuria ni mazito."

Hamuza alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akacheka mpaka kofia yake ikasogea. "Panda, ndugu yangu. Panda ulinde sufuria yako."

Basi nilikwenda. Barabara ya Koboko wakati ule ilikuwa vumbi na mashimo. Wanafunzi waliimba njia nzima. Mwalimu alikaa nyuma pamoja nao, na kila tulipopita mahali barabara ilipokata kilima, aligonga paa la lori, Hamuza akasimama, wote wakaruka chini kutazama udongo. Udongo mwekundu. Mimi nimezaliwa juu ya udongo huo, na hakuna aliyewahi kuruka kutoka kwenye gari ili autazame.

Kwenye mwamba aliwapanga wanafunzi, akaonyesha mistari myeusi na myeupe iliyopinda ndani ya jiwe.

"Batoto, muangalie. Hii jiwe ilikunjwa sawa nguo. Ilikuwa chini sana, na moto, na laini. Leo tunaikanyaga."

Paska aliacha moto akaenda kusikiliza. Mwiko ulibaki ndani ya sufuria. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, hakuna mtu. Nikaukamata mwiko. Mimi, kuli wa Vurra, nilikoroga uji wa wanafunzi, na mke wangu amesimama juu ya mwamba ameweka kiganja kwenye mistari ile.

"Unasikia, Paska?" mwalimu akamwuliza.

"Ninasikia," akasema.

Walipoondoka, nami nilikwenda kuweka kiganja changu. Lilikuwa jiwe lililopigwa na jua. Zaidi ya hapo sikusikia.

Mchana ule mwalimu aliomba ubao mrefu wa lori. Akauweka juu ya jiwe, kama watoto wanavyofanya wakicheza kubembea. Akaniita.

"Mzee Amandu, ukuje. Batoto, huyu mzee anabebaka gunia ya kahawa yeye peke. Nani anaweza kumunyanyua?"

Wakataja kijana mmoja mwenye kifua kipana. Wakataja wawili kwa pamoja. Mwalimu akatikisa kichwa. Akaniketisha kwenye ncha moja ya ubao, akalisogeza lile jiwe la chini karibu na makalio yangu.

"Mama Paska."

"Mimi?" mke wangu akasema.

"Wewe. Kaa kule mbali, mwisho kabisa."

Paska alikuwa mwembamba. Alikaa kwenye ncha ya mbali, akakusanya gauni lake, na mimi nikapanda juu. Miguu yangu iliachana na ardhi. Wanafunzi walipiga kelele zilizorudi kutoka mlimani. Binti ya Hamuza alikaa chini kabisa kwa kicheko. "Mzee amebebwa na mke wake! Mzee, huko juu kukoje?"

Paska naye alicheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo nyumbani. Na alipocheka hakunitazama mimi niliyekuwa juu. Alimtazama aliyelisogeza jiwe.

"Nishusheni," nikasema.

Kesho yake, tukijiandaa kurudi, mwalimu alitokea kichakani na vijana wanne wamebeba jiwe bapa, pana, la kijivu lenye chembe za kumetameta. Waliliweka chini mbele ya mke wangu.

"Hii iko ya mupishi wetu," akasema. "Paska aliniambiaka jiwe yake ya nyumbani imelika, inatoa muchanga katika unga. Hii haitatoa. Hii chembe zake zimeshikana kabisa. Utasaga mupaka wajukuu."

Wanafunzi wa kutoka Arua na Terego walitazamana. Wengine waliziba midomo.

Nieleze. Katika ukoo wetu sisi, mke anapoingia nyumba yake, mume ndiye anayemletea jiwe la kusagia. Analibeba mwenyewe, analiweka jikoni kwa mkono wake, na mke analiwekea juu lile jiwe dogo la mkononi. Hapo ameolewa, hata kama ng'ombe hawajaisha kulipwa. Na siku mume anamrudisha mke kwao, hatumii maneno mengi. Analitoa jiwe nje. Majirani wakiona jiwe liko nje, wanajua. Mtu wa Butembo hakujua. Paska alijua. Na Paska ndiye aliyemwambia mtu mwingine kwamba unga wa nyumba yangu una mchanga.

Jiwe la zamani nililileta mimi kutoka Omugo, nimelibeba kichwani, nikiwa kijana.

Hamuza alikuja akalizunguka lile jiwe jipya. Ni Mwislamu wa mjini, lakini desturi zetu anazijua. Akanikaribia sikioni.

"Amandu, leo tumekuja kwa masomo au kwa harusi?"

Lilipakiwa. Sikuligusa.

Kwenye kizuizi cha Maracha askari walitusimamisha. Wakati ule kila mtu aliogopa vizuizi. Walipanda nyuma, wakakuta nyundo, wakakuta mawe yamefungwa kwenye majani, kila moja na alama yake.

"Hii mawe iko ya nini?"

"Ya masomo," mwalimu akasema.

"Masomo ya mawe? Kitabu iko wapi?"

"Kitabu iko yenyewe hii mawe."

Alisema kweli, lakini kwa askari ilikuwa dharau. Na yule mkubwa wao alishaisikia lafudhi. "Wewe iko mutu ya Kongo. Unatafuta dhahabu yetu. Shuka. Toa viatu."

Mwalimu alishuka, akavua viatu, akakaa chini kwenye vumbi. Askari akalipiga teke jiwe kubwa.

"Na hii?"

"Ya Paska," mwalimu akajibu.

"Paska iko nani?"

Mke wangu akainua mkono. Askari akamtazama yeye, akamtazama mwalimu pale chini.

"Wewe iko bibi yake?"

Paska hakujibu upesi. Labda aliogopa. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya gurudumu, na nilihesabu kila pumzi aliyovuta bila kujibu.

Nikaenda mbele. "Afande, huyu ni mke wangu. Na jiwe hilo ni langu, nimempatia mimi, la kusagia. Huyu mwalimu dhahabu haijui. Hata ukimtilia kwenye chai atakunywa."

Askari wakacheka. Mmoja, nadhani alikuwa mtu wa pande zetu, akanipiga bega. "Mzee, mke iko na watoto, leo ndiyo unamuletea jiwe?"

"La kwanza limechoka, afande."

"Jiwe ndiyo imechoka, ama mzee?"

Walicheka tena, wakaturuhusu. Mwalimu alipanda na viatu mkononi, akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliuacha mkono wangu hapo mpaka alipouachia. Lori lilipoanza kwenda Paska akainama kwangu.

"Asante, Baba Candia. Umemwokoa."

Nilitegemea aseme umetuokoa.

Tulipofika Arua, Hamuza alinihitaji dukani kwake kushusha magunia ya mtama aliyonunua Koboko. Nilibaki huko. Wanafunzi na mwalimu walimsindikiza Paska nyumbani na jiwe lake. Niliporudi jua lilikuwa bado juu kidogo, na kwenye ua wangu kulikuwa na magogo ya mviringo yamelala. Walilivingirisha juu ya magogo hayo, somo lingine hilo. Nje ya mlango wa jiko, limeegemezwa ukutani, niliona jiwe langu la Omugo.

Jirani yetu Mariam Poni alikuwa kwenye ukingo wa ua wake, hana kazi yoyote mkononi.

"Shikamoo, Baba Candia. Mbona nimeona mtu anaolewa na pilau sijaletewa?"

Nilimpita. Niliingia jikoni. Jiwe jipya lilikuwa limeshakazwa kwa udongo, mahali palepale.

"Nani alilitoa langu?"

"Mwalimu," Paska akasema. "Alihitaji nafasi."

"Nani aliliweka hili?"

Akamimina maji kwenye beseni.

"Nani?"

"Yeye na watoto. Baba Candia, yeye hajui. Kwake jiwe ni jiwe."

"Na wewe?"

Alikuwa anaosha mikono. Aliiosha muda mrefu. "Mimi ninajua," akasema. "Ndiyo maana sijasaga."

Kweli, jiwe dogo la mkononi lilikuwa bado liko pembeni, kavu.

Basi tulikaa hivyo. Hakusaga kwenye jiwe la mwalimu, na langu lililokuwa nje hakuthubutu kulirudisha, kwa sababu kurudisha si kazi ya mke. Alichemsha viazi. Mimi nilikula sokoni kwa mama mmoja wa Kinubi, na sokoni habari ilikuwa imeshafika. Makuli wenzangu wa Vurra waliniuliza kama nitatafutiwa na mimi mwalimu wa kike.

Mwishowe nikaenda shuleni. Mwalimu alikuwa uwanjani peke yake, anakaza nati za baiskeli. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya nyasi.

"Mungu wangu. Mzee, unisamehe. Nitakuja kuitoa leo hii."

"Ukilitoa wewe, unamfukuza mke wangu kwangu."

"Basi niiache."

"Ukiliacha, umemwoa."

Akajikuna kichwa. Niliona anaanza kulitazama jambo hilo kama yale madebe yake yenye matundu, na hilo liliniudhi kuliko jiwe lenyewe.

"Sasa nifanye nini?"

"Ungekaa Butembo," nikasema.

Lakini alikuja. Jumapili baada ya kanisa alitokea kwenye ua wetu, kofia mkononi, akasimama mbali na jiko. Aliomba radhi mbele ya Paska, na kwa bahati mbaya mbele ya Mariam Poni pia, aliyekuwa kwenye ukingo wake. Paska alimsikiliza. Kisha akanigeukia mimi.

"Kule Maracha ulimwambia askari jiwe ni lako."

"Nilisema vile ili tupite."

"Ulisema. Watu wa lori zima walisikia. Kama ni lako, litoe wewe, upite nalo barabarani watu waone, ulirudishe wewe. Liwe lako kweli."

"Nikilitoa, wewe si mke wangu."

"Mpaka utakapolirudisha."

Nilifikiria. Hakukuwa na njia nyingine. Nilikuwa nimezitafuta zote pale sokoni juu ya sahani ya watu wengine.

Niliingia jikoni, nikaubomoa udongo kwa jembe. Mwalimu akasogeza magogo yake. "Mzee, tumia hizi, ile jiwe iko muzito sana."

"Toa magogo yako."

Nililiinua. Nimebeba kahawa, nimebeba saruji, nimebeba injini ya gari kwa mti begani, mimi na mwenzangu. Lile jiwe lilikuwa zito kwa namna nyingine. Nilipolivusha kizingiti nikamsikia Mariam Poni:

"Jamani! Sasa hivi Mama Candia hana mume! Nani anamtaka? Aseme upesi, mzee anarudi!"

Watu walicheka ng'ambo ya ua. Nilitoka barabarani na jiwe mabegani, nikageuka pale penye mti wa mpaka wa mtaa wetu, na nilipogeuka niliwaona. Mwalimu amesimama na kofia yake. Mke wangu amesimama. Baina yao palikuwa na ua mtupu. Hawakuwa wakizungumza. Paska hakuwa mke wa mtu, na alisimama wima, mikono chini, uso wake kama mtu aliyefika mahali asipopajua na hajaamua apende au asipende. Étienne alitazama viatu vyake. Angeinua macho tu. Nilikuwa mbali, na jiwe shingoni, sikuweza hata kupiga kelele.

Nilirudi. Sijui nilitembeaje. Nilifika mlango wa jiko nikasimama, kwa sababu mke ndiye anayetangulia kuingia ili alipokee. Ndivyo ilivyo.

Paska hakusogea.

"Mama Candia," nikasema.

Jasho lilikuwa linaingia machoni. Jiwe lilianza kuteleza begani, na yeye aliona. Alikuwa bado pale katikati ya ua.

"Mama Candia, jiwe ni zito."

Ndipo akaja. Alipita karibu yangu bila kunigusa, akaingia. Nikaliweka. Akachukua jiwe dogo la mkononi, akalishika kidogo, akaliweka juu.

Nilipotoka nje mwalimu alikuwa ameshaondoka, na lile la Omugo pale ukutani lilikuwa sasa jiwe tu.

Siku ile alisaga, akapika. Unga ulikuwa laini. Alianza kusema, "Mwalimu alisema chembe za jiwe hili..." Nikauacha mkono wangu ndani ya sahani nikamtazama. Akaacha. Tangu hapo maneno ya mwalimu hayakuingia tena nyumbani kwangu. Nilishinda. Ila na mengine mengi aliyokuwa akinieleza jioni, habari za jiko, za wanafunzi, za nani kaanguka kwenye gurudumu, nayo yaliacha kuja. Tulikula kimya. Mgongo uliniuma hadi mvua za pili.

Étienne aliendelea na kazi. Wanafunzi wake wengine wakawa mainjinia, mmoja alipima barabara ya Koboko ile ile. Safari za mawe ziliendelea, na mpishi akawa mtu mwingine. Paska mwenyewe alisema hataki kwenda. Sikumwuliza kwa nini. Nilifurahi, na sikuiamini furaha hiyo.

Vita vilipofika mwaka wa sabini na tisa, watu wa Arua walivuka Vurra kwenda Kongo, nasi tukavuka. Étienne alikuwa njiani pia, baiskeli yake imebeba vitu vya vilema na wazee, yeye akiisukuma kwa miguu. Huko ng'ambo, karibu na Aru, tulikaa wote mahali pamoja kwa muda. Aliwakusanya watoto wa wakimbizi, akawafundisha kwa vijiti na kamba. Kisha akasema sasa yuko kwao, ataendelea mpaka Butembo kuwaona ndugu zake.

Alikuja kuaga. Alinipa mkono, akampa Paska mkono. Walishikana mikono kama watu wote wanavyoshikana. Nilikuwa karibu, niliona. Akapanda baiskeli. Watoto walimkimbilia nyuma mpaka kilimani.

Paska alisimama akimtazama. Mimi nilimtazama Paska. Alipoacha kutazama alirudi kwenye muhogo aliokuwa ameuanika juu ya majani, akaanza kuugeuza, kipande kimoja kimoja.

Nilikaa karibu naye. Neno lilikuwa limenikaa kifuani tangu ile Jumapili.

"Mama Candia. Pale uani, nilipokuwa barabarani na jiwe. Kama angekuuliza?"

Hakusema unasema nini, wala hakujifanya hajui.

"Hakuniuliza," akasema.

Nilingoja aongeze. Aligeuza muhogo mpaka mwisho wa majani, akasogea mstari wa pili, akaniambia nimpishe, nimeuzibia muhogo jua.

Nilimpisha. Tulirudi Arua, tukajenga tena, tukazaa tena, tukazeeka. Swali lile sikulirudia. Kila mwaka nilisema nitamwuliza nikiwa tayari kusikia, na mwaka huu, mvua zilipoanza, ameondoka.